Aspirini na saratani: nani anafaidika?

Karibu kila nyumba ina dawa hii. Iko kabatini, au kwenye kikopo juu ya meza, au ndani ya mkoba wa bibi, imeviringishwa katika karatasi. Kichwa kikiuma, aspirini. Jino likisumbua usiku, aspirini. Siku hizi kuna neno jingine linalozungumzwa nje ya kanisa baada ya Misa na kwenye mikutano ya jumuiya: ati aspirini moja kila siku humkinga mtu asipate saratani. Baadhi ya wazee wameshaanza kuimeza kila asubuhi pamoja na chai bila kumwuliza mtu. Wapo na vijana wa mjini wanaowapelekea wazazi wao kijijini pakiti nzima kama zawadi.

Habari hiyo haikuzuliwa. Imetokana na kazi ya wataalamu ya zaidi ya miaka 30, nao wameona kwamba aspirini inaweza kweli kupunguza saratani ya utumbo mpana kwa watu wa namna fulani. Lakini habari ikipita midomo mingi huacha nusu yake njiani. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo tunayotaka kuieleza katika ukurasa huu, maana ndiyo inayohusu damu na uhai wa wazee wetu.

Dawa ya zamani

Asili ya aspirini ni gome la mti mmoja wa Ulaya unaopenda kuota kando ya mito. Mwaka 1763 mchungaji wa Uingereza, Edward Stone, aliwaandikia wanachuoni wa London kwamba amewapa watu wapatao 50 wenye homa unga wa gome hilo, nao wakapata nafuu. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, alitengeneza dawa safi ya jamii hiyo, na mwaka 1899 ikaanza kuuzwa kwa jina la Aspirin. Jina lake la kitaalamu ni asidi ya asetilisalisiliki. Dunia iliimeza kwa miaka zaidi ya 70 bila kujua inavyofanya kazi. Mwingereza John Vane ndiye aliyefumbua fumbo hilo mwaka 1971, na kwa kazi hiyo akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982.

Alichogundua ni hiki. Mwili ukiumia hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huleta maumivu, joto na uvimbe. Aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe, ndiyo maana kichwa hutulia. Lakini prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usichomwe na asidi ya tumbo lenyewe. Tena aspirini hudhoofisha chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia kwenye jeraha na kuliziba. Chembe sahani iliyokutana na aspirini haipati tena nguvu yake mpaka ife, nayo huishi siku kama 10 hivi. Ndiyo kusema kidonge kimoja cha leo bado kinafanya kazi katika damu wiki ijayo. Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwani faida na hasara za aspirini zote zinatoka hapo.

Habari ya saratani ilianzaje?

Mwaka 1988 Gabriel Kune na wenzake wa Melbourne, Australia, waliwalinganisha mamia ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana na mamia ya watu wasio nayo. Walipouliza kila mmoja anatumia dawa gani, waliona kwamba watumiaji wa aspirini walikuwa wachache upande wa wagonjwa. Miaka mitatu baadaye, yaani 1991, Michael Thun na wenzake wa Marekani walitoa hesabu ya watu zaidi ya 660,000. Wale waliomeza aspirini mara 16 au zaidi kwa mwezi walikufa kwa saratani ya utumbo mpana kwa uchache wa asilimia 40 hivi kuliko wasioitumia.

Msomaji makini atauliza: je, hao waliomeza aspirini hawakuwa watu wenye kujitunza zaidi kwa mengine pia? Ni swali zuri. Ndiyo maana wataalamu hawakuridhika mpaka wapate majaribio ambayo nusu ya watu hupewa aspirini na nusu hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina dawa ndani.

Mwaka 2010 Profesa Peter Rothwell wa Oxford alirudi kwenye majaribio ya namna hiyo yaliyokuwa yamefanywa zamani kwa ajili ya moyo na kiharusi, akafuatilia habari za watu zaidi ya 14,000 kwa muda wa miaka 20. Akakuta kwamba waliopewa aspirini walipata saratani ya utumbo mpana kwa upungufu wa robo hivi, na vifo kutokana nayo vilipungua kwa theluthi moja. Faida ilikuwa kwa wale walioimeza kwa miaka mingi, mitano na zaidi, na kidonge kidogo cha miligramu 75 kilitosha. Hata kabla ya hapo, mwaka 2003, jaribio la Marekani la watu 1,121 lilionyesha kwamba kumeza kingi si kupona zaidi. Hao walikuwa wamekwisha kutolewa vinyama vya utumboni, na wataalamu walitaka kuona ni wangapi vitawarudia. Bila aspirini vilirudi kwa watu 47 katika kila 100. Kwa kidonge kikubwa cha miligramu 325 ni 45. Kwa kidogo cha miligramu 81 ni 38.

Vinyama hivyo ndivyo mlango wa saratani yenyewe. Huota ndani ya utumbo mpana kama uyoga mdogo, havina maumivu, na vingi havimdhuru mtu maisha yake yote. Vichache vinabadilika polepole na kuwa saratani, kazi inayochukua miaka 10 au zaidi. Kwa sababu hiyo aspirini ya wiki mbili, au ya kumezwa siku unapokumbuka, haina maana yoyote kwa upande wa saratani.

Wataalamu wa Cambridge walieleza sababu nyingine mwaka 2025, baada ya kuchunguza panya. Chembe sahani hutoa kitu kinachowalaza usingizi askari wa mwili, wale wanaopaswa kuzishambulia chembe za saratani zinapotoroka kwenda sehemu nyingine. Aspirini ikizidhoofisha chembe sahani, askari huamka. Mwaka huo huo nchi za Skandinavia zilitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 626 ambao walikuwa wamepasuliwa saratani ya utumbo mpana, na vipimo vikaonyesha kwamba uvimbe wao ulikuwa na kasoro ya jeni ya namna fulani. Waliomeza miligramu 160 kwa siku kwa miaka mitatu walirudiwa na ugonjwa kwa kiasi cha nusu tu ya wale waliomeza kidonge kisicho na dawa. Tunasisitiza: ni wagonjwa wa aina moja, waliopimwa uvimbe wao, wakiwa chini ya daktari.

Koo zenye ugonjwa huu

Tungependa kukaa hapa kwa kitambo, maana hapa ndipo aspirini ilipothibitishwa vizuri, na ndipo familia zetu zinapoweza kuondolewa mzigo mkubwa.

Zipo koo ambazo baba alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na miaka 44, shangazi akafariki kwa saratani ya mji wa mimba, kisha kaka mkubwa naye akaanza kutoa damu chooni kabla ya kutimiza miaka 50. Majirani hunong'ona. Mmoja husema ni laana, mwingine humtaja mama mkwe. Ndugu huacha kutembeleana. Wengine huenda kwa mpiga ramli, na wanachorudi nacho nyumbani ni jina la mtu wa kumchukia.

Kumbe upo ugonjwa wa kurithi unaofanya hivyo hasa. Unaitwa Lynch, kwa jina la Henry Lynch, daktari wa Marekani aliyetumia maisha yake kufuatilia familia za namna hiyo na kuandika nani alikufa kwa nini. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika 400 hivi anao, wengi wao bila kujua. Mwenye kasoro hii ya jeni, kila mtoto wake, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, kama vile kurusha shilingi. Hupitia kwa baba na kwa mama sawasawa. Sisi tuna desturi ya kuhesabu ukoo upande mmoja, na watoto wa dada tunawahesabu kuwa wa kwingine. Katika jambo hili nao ni wa humu humu, wasisahauliwe.

Dalili ya kushtukia ni rahisi kukumbuka: ndugu watatu wa damu waliougua saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba, katika vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja wao aligundulika kabla ya miaka 50. Familia yenye historia hiyo ikaeleze hospitali kubwa. Tunajua kwamba mara nyingi wazee wetu walizikwa bila kupimwa, ikaandikwa tu "tumbo". Hata hivyo umri, dalili na mwaka vikiandikwa kwenye daftari, daktari atapata pa kuanzia. Kazi hiyo ya kuandika ifanywe wakati mabibi wangali hai, maana wao ndio wanaokumbuka.

Kwa watu wa namna hii, Profesa John Burn wa Newcastle, Uingereza, aliongoza jaribio la watu 861 kutoka nchi mbalimbali. Watu 427 walipewa aspirini miligramu 600 kwa siku, yaani vidonge viwili vya kawaida, kwa miaka miwili hivi. Wengine 434 walipewa kidonge kisicho na dawa. Mwanzoni haikuonekana tofauti yoyote, na wengine wangeweza kukata tamaa. Matokeo ya muda mrefu yalitolewa mwaka 2020, baada ya kufuatiliwa miaka 10 na wengine mpaka 20: waliopata saratani ya utumbo mpana katika kundi la aspirini walikuwa 40, na katika kundi la pili 58. Mwaka huo huo chombo kinachowaongoza madaktari wa Uingereza kilikubali kwamba mwenye ugonjwa wa Lynch azungumze na daktari wake juu ya kumeza aspirini kila siku. Hata hao hawaambiwi kuacha kipimo cha kamera ya utumboni, ambacho hutoa vinyama kabla havijageuka.

Jaribio hilo lilikuwa na jambo jingine ambalo watu wa Bukoba watalifurahia. Baadhi walipewa pia unga wa wanga ule mgumu kusagika tumboni, wa namna unaopatikana katika ndizi zisizoiva sana. Haukupunguza saratani ya utumbo mpana, ila saratani nyingine, hasa za sehemu ya juu ya tumbo, zilipungua kwa zaidi ya nusu. Lakini ulikuwa unga uliopimwa, gramu 30 kwa siku, wala si sahani ya matoke.

Sasa tuje kwa bibi na mkoba wake

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa Australia na Marekani kwa wazee 19,114, karibu wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wazima, wasio na ugonjwa wa moyo. Nusu walimeza aspirini miligramu 100 kila siku. Wengi walitegemea habari njema. Haikuwa hivyo. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi wakiwa na nguvu zao. Waliotokwa na damu nyingi ndani ya mwili walikuwa karibu 4 katika 100, na kwa wasiomeza hawakufika 3. Jambo lililowashangaza wataalamu wenyewe ni kwamba vifo vya saratani viliongezeka kidogo kwa waliomeza: 31 katika kila 1,000, dhidi ya 23.

Basi dawa ile ile iliyowasaidia watu wa makamo walioanza mapema haikuwafaa wazee walioianza uzeeni. Wamarekani nao waligeuza ushauri wao. Jopo lao la wataalamu wa kinga lilikuwa limependekeza mwaka 2016 aspirini ndogo kwa baadhi ya watu wenye miaka 50 hadi 59, kwa ajili ya moyo na utumbo pamoja. Mwaka 2022 liliondoa pendekezo la saratani likisema ushahidi hautoshi, na likasema mtu wa miaka 60 au zaidi asiianze kwa kinga ya moyo.

Kwa hiyo mzee mwenye miaka 70 ambaye hajawahi kuandikiwa aspirini, asiianze kwa sababu ya neno alilosikia nje ya kanisa. Kijana anayetaka kumpelekea mama zawadi, ampelekee miwani au viatu vizuri.

Hapa lazima tuweke neno kwa upande wa pili. Yuko mgonjwa aliyekwisha pata kiharusi au shambulio la moyo, na daktari akamwandikia aspirini ndogo. Huyo asiiache kwa kusoma ukurasa huu. Kwake faida ni kubwa kuliko hatari, na kuiacha ghafla kunaweza kumrudishia ugonjwa.

Vidonda vya tumbo

Majaribio tuliyoyataja yamefanywa zaidi Ulaya, Marekani na Australia. Kwetu tumbo lina adui mwingine aliyeenea sana: kijidudu kiitwacho Helicobacter pylori, ambacho husababisha vidonda vya tumbo na pia ni chanzo kikubwa cha saratani ya tumbo lenyewe. Mtu mwenye kidonda akiongeza aspirini, ukuta wa tumbo unapoteza ulinzi, na damu nayo haigandi upesi. Kidonda kilichokuwa kikimsumbua kwa kiungulia tu kinaweza kumtoa damu usiku mmoja mpaka aanguke. Kijidudu hiki hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa vidonge vya wiki mbili hivi. Pengine hiyo ndiyo dawa ya kawaida ambayo ingepunguza saratani katika nyumba nyingi za huku, kuliko aspirini.

Hatari huzidi kwa anayechanganya. Mzee ana maumivu ya magoti, anameza diklofenaki au brufeni, kisha anaongeza aspirini ya kinga, jioni anakunywa kidogo ya kienyeji. Hizo zote zinashambulia ukuta ule ule. Vidonge vingine vya maumivu vya dukani vina aspirini ndani yake pamoja na kafeini, na mwenye kumeza hajui. Soma maandishi ya pakiti, au mwombe kijana wa shule akusomee. Wenye pumu, wenye kutumia dawa za kuyeyusha damu, na wajawazito wasimeze aspirini ila kwa agizo la daktari.

Mtoto na kijana chini ya miaka 16 wasipewe aspirini kwa homa. Kuna ugonjwa uitwao Reye, unaoharibu ubongo na ini la mtoto aliyepewa aspirini wakati wa homa ya virusi. Kwa sababu yake Uingereza iliwazuilia watoto dawa hii mwaka 1986. Vile vidonge vidogo ambavyo wengi huviita "junia" visimdanganye mzazi, havikuwekwa kwa ajili ya watoto wa leo. Tena pakiwa na dengue, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hata mtu mzima asimeze aspirini kwa homa, kwani dengue yenyewe huweza kuleta kutokwa na damu. Parasetamoli ndiyo inayofaa.

Nani aende kwa daktari?

Tukiangalia saratani zinazowaua akina mama wa Tanzania, ya kwanza ni ya mlango wa kizazi. Aspirini haiizuii. Inayoizuia ni chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mzazi anayenunua aspirini ya kinga huku binti yake hajachanjwa, amekosea duka.

Kuhusu utumbo mpana, anayeona damu chooni asiseme tu ni bawasiri au amiba na kuendelea na dawa za dukani mwezi baada ya mwezi. Achunguzwe, hasa kama choo kimebadilika desturi yake kwa wiki kadhaa, amekonda, au ameambiwa hana damu ya kutosha bila sababu kujulikana. Kipimo cha kamera kinapatikana katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando.

Mwenye historia ile ya ukoo aende na daftari lake, aulize mambo mawili: je, napaswa kupimwa utumbo, na je, aspirini inanifaa mimi. Ajieleze bila kuficha kama ana vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, na dawa zote anazomeza, hata za mitishamba.

Anayemeza aspirini kwa sababu yoyote aangalie choo chake. Kikiwa cheusi kama lami na chenye kunuka vibaya, au akitapika kitu kama machicha ya kahawa, hiyo ni damu ya tumboni. Aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi. Anayetumia vidonge vya madini ya chuma ajue kwamba navyo hufanya choo kuwa cheusi, lakini hata hivyo amwonyeshe mhudumu wa zahanati pakiti za dawa zake zote.